UTI Tatu za Mwanafunzi Mmoja: Uchambuzi wa Kisa cha Upimaji wa Magonjwa ya Zinaa katika Zahanati ya Chuo

Usuli

Mhusika wa kisa hiki ni mwanafunzi wa kike wa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha elimu ya juu Tanzania Bara. Jina lake, kozi yake, mkoa na tarehe vimeondolewa, na mambo machache yasiyogusa tiba yamebadilishwa ili asitambulike. Yeye mwenyewe ameridhia kisa kiandikwe, kwa sharti kwamba kisisomwe kama habari ya msichana mzembe. Sharti hilo ni la haki, kwa sababu kwa muda wa wiki tisa alikuwa akitafuta tiba, tena kwa pesa yake, na waliokosa kuona ni sisi tuliomhudumia.

Zahanati yetu ina dirisha moja la mapokezi linalotazamana na mabenchi ya wagonjwa, vyumba viwili vya daktari, chumba cha sindano na maabara ndogo. Maabara hiyo hupima VVU, kaswende, homa ya ini B, ujauzito na mkojo, na ina hadubini ya kuangalia ute. Haina kipimo cha vinasaba cha klamidia wala kisonono, magonjwa mawili ya zinaa yanayosababishwa na bakteria. Sampuli za vipimo hivyo hupelekwa hospitali ya rufaa, ambako mashine inayoweza kuvifanya hutumika zaidi kwa kifua kikuu, na mgonjwa hulipia mwenyewe.

Kabla ya kueleza yaliyotokea, yapo maneno mawili ambayo msomaji anapaswa kuyashika. La kwanza ni UTI. Katika lugha ya wanafunzi wetu neno hili halina tena maana ya maambukizi ya njia ya mkojo peke yake. Limekuwa jina la heshima la kila usumbufu ulio chini ya kitovu: kuungua wakati wa kukojoa, muwasho, utoko usio wa kawaida, maumivu ya nyonga. Ni neno linaloweza kutamkwa mbele ya foleni bila mtu kugeuka. La pili ni kupima. Mtu akiuliza "Umepima?", kila anayesikia anaelewa kwamba anaulizwa kuhusu VVU, wala hapana haja ya kuongeza neno. Maneno hayo mawili ndiyo yaliyouficha ugonjwa wa binti huyu, la kwanza kwa sababu lilisema mengi mno, la pili kwa sababu lilisema machache mno.

Mfuatano wa matukio

Mwanafunzi alikuwa na mwenzi mmoja kwa takriban miezi minane. Mwanzoni walitumia kondomu. Mwezi wa nne wa uhusiano wao kulifanyika kampeni ya upimaji chuoni, wakaenda pamoja, wakapimwa VVU, wote wawili wakapata majibu hasi, na kuanzia hapo wakaacha kondomu. Uamuzi huo ulifanywa kwa kufikiri. Watu wawili wazima walitaka kulindana, wakatumia kipimo walichoambiwa ndicho kipimo.

Baadaye alianza kuhisi kuungua kidogo wakati wa kukojoa. Alikwenda duka la dawa lililo karibu na hosteli, akasema ana UTI, akapewa siprofloksasini ya siku tano bila kipimo chochote. Dalili zilipungua, kisha zikarudi.

Katika wiki ya tatu alikuja kwetu. Karani wa mapokezi alimwuliza anaumwa nini, akiwa nyuma ya kioo na kwa sauti ya kawaida ya mahali penye watu wengi, na mwanafunzi akajibu kwa neno alilokuwa nalo. Neno hilo liliandikwa juu ya faili kabla hajaingia chumba cha daktari. Mkojo ulipopimwa ulionyesha chembe nyeupe za damu kwa wingi, huku nitraiti, kemikali ambayo bakteria wengi wa UTI huiacha kwenye mkojo, ikiwa haipo na bakteria hawaonekani. Daktari wa zamu aliandika UTI na dawa ya nitrofurantoini. Daktari huyo ni mimi. Nilimwona kwa dakika zisizozidi tano, na sikumwuliza chochote ambacho faili halikuwa limekwisha kunijibu.

Katika wiki ya sita, akiwa mjini kwa shughuli nyingine, aliingia kituo binafsi akiwa na uchovu na maumivu chini ya kitovu. Alitoka na karatasi iliyoandikwa "UTI na taifodi" pamoja na sindano za siku tatu ambazo jina lake hakulikumbuka. Wengi waliokulia hapa wanazijua karatasi za namna hiyo.

Katika wiki ya tisa alirudi kwetu jioni, wakati mabenchi yamebaki na watu wachache. Maumivu yalikuwa yameongezeka, na mara mbili alikuwa ameona matone ya damu baada ya kujamiiana, jambo ambalo hakulisema dirishani wala alipoingia ndani. Alichosema ni: "Shikamoo dokta. UTI imerudi tena." Nilipofungua faili nikakuta mwandiko wangu mwenyewe, na chini yake majibu ya mkojo ambayo sasa niliyasoma kwa macho mengine.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuacha kuuliza kuhusu mkojo. Nilifunga mlango, nikamwambia kwamba nilimtibu ugonjwa ambao huenda hakuwa nao, na kwamba ningependa kuanza upya kwa maswali ambayo huwauliza watu wote wenye dalili kama zake. Kuomba radhi kwanza kulisaidia kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa mzigo wa kueleza kwa nini dawa hazikufanya kazi ulimwondoka yeye ukanijia mimi. Nilipouliza kama ana mwenzi, alijibu haraka, kama mtu aliyejiandaa: "Ninaye, lakini tulipima."

Kwa miaka kadhaa nimeshalipokea jibu hilo kama mwisho wa mazungumzo. Siku hiyo niliuliza, "Mlipopima, mlipima nini?" Alinyamaza, akaniangalia, akasema, "Si tulipima tu, dokta." Kisha taratibu akaanza kueleza kuhusu utoko, kuhusu damu, na kuhusu maumivu ambayo alidhani yanatokana na kubeba mkoba mzito.

Uamuzi wa pili ulikuwa kupima ujauzito kabla ya jambo lingine lolote. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa akija na maumivu chini ya kitovu pamoja na damu, kosa lisilosameheka ni kuikosa mimba iliyotunga nje ya kizazi. Isitoshe, moja ya dawa nilizokuwa nikizifikiria haifai kwa mjamzito. Majibu yalikuwa hasi.

Uamuzi wa tatu ulihusu uchunguzi wa mwili, na mwanafunzi aliukataa. Sikumlazimisha. Muuguzi wa zamu, mama mtu mzima, alikaa naye pembeni akamwonyesha spekulamu ya plastiki, kifaa cha kupanulia uke ili shingo ya kizazi ionekane, akamweleza kila hatua, akamhakikishia, "Mwanangu, ukisema basi, tunaacha hapo hapo." Baada ya dakika kumi alikubali, muuguzi akiwepo muda wote. Shingo ya kizazi ilikuwa nyekundu, ilitoa ute wa rangi ya usaha, ilivuja damu kwa kuguswa kidogo, na ilipotikiswa alipata maumivu makali. Dalili hiyo ya mwisho ilibadilisha kiwango cha tatizo, kwa maana maambukizi hayakuwa yameishia kwenye shingo ya kizazi bali yalielekea kuwa yamepanda kwenye mirija ya uzazi, hali ambayo wengi huijua kwa jina la PID.

Uamuzi wa nne ndio uliojadiliwa zaidi baadaye katika kikao chetu. Nilichukua ute kwa kijiti cha pamba kwa ajili ya kipimo cha klamidia na kisonono, lakini sikungoja majibu. Nilianza matibabu jioni hiyo hiyo: sindano ya seftriaksoni, doksisaiklini kwa siku kumi na nne, na metronidazoli kwa muda huo huo. Mirija ya uzazi haina subira. Kadiri maambukizi yanavyokaa ndani yake ndivyo makovu yanavyoongezeka, na makovu hayo ndiyo huleta ugumba na mimba za nje ya kizazi miaka mingi baada ya mtu kusahau kwamba aliwahi kuumwa. Kutibu kwa kufuata dalili kunaruhusu haraka hiyo, na kwa hali kama yake ndiyo njia sahihi.

Alichomwa kidole kwa vipimo vya haraka vya VVU, kaswende na homa ya ini B, baada ya ushauri nasaha na kwa ridhaa yake. Hapo aliuliza swali ambalo huulizwa mara nyingi na wanafunzi wa mwaka wa kwanza: je, mzazi atajua? Alikuwa akitumia bima kama mtegemezi wa mzazi wake, na kwa wiki zote tisa hofu hiyo ilikuwa nzito kuliko hofu ya ugonjwa wenyewe. Nilimweleza kwamba zahanati haipeleki majibu nyumbani, na kwamba mtu mzima hahitaji ruhusa ya mtu yeyote. Kwa upande wa VVU, sheria ya Tanzania iliyorekebishwa mwaka 2019 inamruhusu hata kijana wa miaka 15 kupima bila ridhaa ya mzazi. Maelezo hayo yalichukua dakika moja. Yangeweza kubandikwa ukutani tangu mwanzo.

Mwisho ulikuja uamuzi kuhusu mwenzi wake, ambaye naye alihitaji tiba hata kama haumwi. Muuguzi alimpa kadi ya mwaliko akamwambia, kwa nia njema kabisa, "Mpe aliyekuambukiza, aje atibiwe." Nilikuwepo na sikuisahihisha kauli hiyo.

Matokeo

VVU, kaswende na homa ya ini B, yote yalikuwa hasi. Alishauriwa kuanza chanjo ya homa ya ini B, na kurudia kipimo cha VVU baada ya miezi mitatu kwa kuwa maambukizi ya karibuni huenda yasionekane. Siku ya tatu alirudi kama alivyoagizwa, maumivu yakiwa yamepungua sana. Kama yasingepungua tulikuwa tumekubaliana apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Siku ya tisa majibu ya ute yalifika: klamidia ipo, kisonono hakipo.

Kadi ya mwaliko ilikuwa bado ndani ya daftari lake. Alipoulizwa kwa nini hakuitoa, alisema hakujua amwambie nini, kwa sababu kumpa mtu kadi hiyo ni kumwambia "wewe ndiye", naye hakuwa na hakika hata kidogo. Tulizungumza upya. Nilimweleza kwamba klamidia inaweza kukaa mwilini miezi mingi bila dalili yoyote, kwa mwanamume na kwa mwanamke, na kwamba hakuna kipimo cha kuonyesha ilianza kwa nani wala lini. Yawezekana ilikuwepo kabla hawajajuana. Tuliandika kadi nyingine, na safari hii maneno aliyoyachagua mwenyewe yalikuwa: "Nimepimwa, nimekutwa na maambukizi yanayotibika, na daktari anasema sote wawili tunapaswa kumeza dawa kwa wakati mmoja." Mwenzi wake alikwenda kituo kingine cha mjini siku mbili baadaye, kwa kuwa hakutaka kuonekana chuoni, akatibiwa. Hakuwa na dalili hata moja.

Kipimo cha marudio kilipaswa kufanyika baada ya miezi mitatu. Likizo ndefu iliingia katikati, naye akaja mwezi wa tano. Klamidia haikuonekana, na VVU ilibaki hasi. Kuhusu mirija yake, hakuna kipimo tulichofanya kinachoweza kusema kama wiki tisa zilitosha kuacha kovu. Nilimwambia hivyo waziwazi, nikamsisitizia kwamba siku atakaposhika mimba awahi kliniki mapema ili ihakikishwe kuwa imetunga ndani ya kizazi.

Uchambuzi

Nianze na mkojo, kwa sababu hapo ndipo kosa langu lilipo. Chembe nyeupe za damu bila nitraiti na bila bakteria hazithibitishi UTI. Zinaonyesha tu kwamba kuna uvimbe mahali fulani katika njia ya mkojo au jirani yake, na kwa kijana mwenye mwenzi klamidia inapaswa kuwa miongoni mwa mambo ya kwanza kufikiriwa. Klamidia huishi ndani ya seli, haitengenezi nitraiti, wala haionekani kwa hadubini ya kawaida. Dawa alizopewa nazo zilisaidia kupotosha: siprofloksasini haiaminiki dhidi ya klamidia, na nitrofurantoini hujikusanya kwenye mkojo bila kufikia kiwango cha maana katika shingo ya kizazi. Dalili zilipopungua kwa muda, kila mmoja wetu alichukulia kwamba jina la ugonjwa lilikuwa sahihi.

Lakini nisiishie kwenye maabara, maana hata kipimo kizuri kisingeombwa kama swali halikuulizwa. Jina la ugonjwa lilitolewa dirishani, na mtu aliyelitoa hakuwa na lingine la kutoa. Tumezoea kusema wanafunzi wanaficha. Nimeufikiria usemi huo mara nyingi tangu kisa hiki, na naona hauwatendei haki. Mtu anayejipanga foleni mara tatu, anayelipia dawa, anayerudi wakati watu wamepungua, hafichi. Anagonga mlango akitumia mkono alioruhusiwa kuutumia.

Kuhusu kampeni za upimaji, nisieleweke vibaya: zimeokoa maisha, na sitaki ipungue hata moja. Kasoro yake ni kwamba zimelifanya tendo la kupima lionekane limekamilika. Wanandoa na wachumba wengi hufanya kile kile alichofanya binti huyu, yaani kuacha kondomu kwa ushahidi wa jibu moja la ugonjwa mmoja. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 pekee kulikuwa na maambukizi mapya milioni 129 ya klamidia duniani kwa watu wa miaka 15 hadi 49, na kwa wanawake walio wengi haitoi dalili. Mshauri anayetoa jibu hasi la VVU ana nafasi ya sekunde kumi kusema kwamba kipimo hiki hakijaangalia kaswende, kisonono wala klamidia. Sekunde hizo zingebadili kisa hiki tangu mwezi wa nne wa uhusiano wao.

Matibabu kwa kufuata dalili yana historia ya heshima katika nchi yetu. Katika utafiti uliofanyika vijijini mkoani Mwanza kati ya mwaka 1991 na 1994, kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya na zahanati kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40, na matokeo hayo yalisomwa duniani kote. Njia hiyo ndiyo iliyomwokoa mwanafunzi huyu jioni ile. Hata hivyo, njia hiyo inamngoja mwenye dalili aje, na inamngoja azitaje. Mwenzi wake, aliyekuwa mzima wa kuonekana, asingefikiwa kamwe kwa njia hiyo peke yake.

Katika kikao chetu mwenzangu mmoja alihoji kwa nini nilimtoza mwanafunzi gharama ya kipimo cha ute ilhali dawa zilikwishaanza na jibu lisingezibadilisha. Hoja yake ina uzito, na kwa upande wa dawa alikuwa sahihi: jibu halikubadili kidonge hata kimoja. Lilichobadili ni mazungumzo ya watu wawili. Kabla ya jibu alikuwa na kadi na tuhuma, baada yake alikuwa na jina la kidudu, dawa yake, na sentensi aliyoweza kuitamka bila kumshtaki mtu. Kwa sababu hiyo bado naamini kipimo kinafaa kufanyika kila inapowezekana, ingawa sikubali kwamba tiba ingoje.

Kauli ya "aliyekuambukiza" ilitugharimu siku tisa, ambazo mwenzi wake alibaki bila tiba. Muuguzi aliisema kwa huruma, na ni muuguzi yule yule ambaye uvumilivu wake ndio uliofanya uchunguzi uwezekane. Bila yeye nisingejua kwamba maambukizi yamepanda, na huenda ningetoa tiba fupi isiyotosha. Ndiyo maana sioni faida ya kugawa watu katika kisa hiki kuwa waliofanya vizuri na waliokosea, kwa kuwa karibu kila mmoja alifanya yote mawili.

Baada ya kisa hiki tulibadili mambo matatu. Dirishani haulizwi mtu tena anaumwa nini, bali hupewa namba na karatasi ndogo ya kuweka alama, naye huikabidhi kwa daktari mwenyewe. Fundi wa maabara akikuta chembe nyeupe bila nitraiti huandika hivyo kwa wino mwekundu, na faili hurudi kwa daktari kabla dawa haijatolewa. Kadi ya mwenzi imeandikwa upya, na neno "kuambukiza" halimo.

Lililotushinda ni gharama ya kipimo cha klamidia. Muhula huu nimeshawaandikia rufaa wanafunzi wengine wawili wenye dalili zinazofanana. Wote walitibiwa siku hiyo hiyo, na wote walirudisha karatasi ya rufaa ikiwa haijatumika.